Balozi Aliyekaa Chini ya Kadibodi

Otieno, hakuna aliyekosea vipimo.

Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo lililoninyima raha siku mliyoniaga. Mlinikatia keki. Mkurugenzi alisoma hotuba aliyoandikiwa na mtu mwingine, akalitamka jina langu vibaya mara mbili, kama alivyofanya miaka yote. Hayo nilishayazoea. Halafu tukapanda ukumbini kupiga picha, na Furaha akasimama mbele ya ule mchoro wa Uajemi akauliza, "Maman Mwajuma, mbona fremu hii ni kubwa kuliko zingine? Ukuta mzima ziko sawa, hii moja tu imezidi." Kabla sijafungua mdomo, wewe Otieno ukadakia: "Aah, si mtu tu alimiss measurements. Hiyo ni ya kitambo." Watu wakacheka. Nami nikacheka, sahani ya keki mkononi, huku moyoni nachemka.

Ofisi ilinitaka niandike kurasa mbili za kumbukumbu kwa Kiingereza, ziwekwe kwenye tovuti. Nimeziandika. Zina adabu tele, na ukweli uliomo haujazi kijiko. Hizi hapa ni zenu ninyi wawili, Furaha wa Regent Park na Otieno wa Dixon Road, na za mwingine yeyote atakayeingia karakana ile baada yenu. Nimeziandika kwa lugha ambayo mkurugenzi hawezi kuipitishia kalamu nyekundu. Vyeo sitavitaja. Nilipata viwili, na vyote vilichelewa.

Nilifika Toronto nikitokea Dodoma, nikaanzia Rexdale kwenye kiwanda cha maboksi. Miaka mitatu nilisimama mbele ya mashine ya kukata kadibodi, ndege zikipita juu ya paa kila baada ya dakika chache, hata nikawa nazungumza kwa kukatiza sentensi. Ijumaa moja msikitini mama mmoja akaniambia jumba la makumbusho la mjini linatafuta mtu anayejua kukata kadibodi kwa mkono. Nikajiambia, kadibodi ni kadibodi. Nikaomba kazi, nikaipata, na siku ya kwanza nikagundua kwamba sijui kitu.

Aliyenipokea ni Bi Filomena, Mgoa mzaliwa wa Mombasa, mkuu wa karakana. Alikuwa mfupi, mwenye jozi mbili za miwani, moja puani na nyingine kichwani, na alikuwa akiitafuta ile ya kichwani mara tatu kwa siku. Aliposikia ninakotoka akaacha Kiingereza palepale.

"Haya, vyema," akasema. "Mimi nawe tutagombana kwa lugha tunayoijua sote wawili."

Akanipa kisu, rula ya chuma na kadibodi kumi, akaniambia nikate madirisha. Dirisha, kwa atakayesoma haya na si mtu wa karakana, ni ile kadibodi nene inayolazwa juu ya picha ikiwa imetobolewa katikati, ili picha ionekane na kioo kisiiguse. Kingo za karatasi hujificha chini yake. Nilikata kumi. Bi Filomena akazitazama pembe zake moja moja, akazitia zote kwenye pipa.

"Hizi zafaa kufungia viatu," akasema. "Kata nyingine."

Nilikata za viatu kwa muda wa wiki saba. Leo mna mashine inayokata pembe nne bila makosa, na sina kinyongo nayo, ila umeme ukikatika mnakaa mnatazamana. Jifunzeni mkono. Badilisheni ncha ya kisu kwa kila dirisha, hata kama inaonekana kali. Gundi ya wanga wa ngano ipikwe asubuhi na itupwe jioni. Ule mfupa wa kukunjia karatasi, uliopauka na kupinda kidogo, ulikuwa wa Bi Filomena. Nimeuacha kwenye droo ya pili. Ni wako, Furaha, na usimwazime mtu.

Bi Filomena alikuwa na sheria nyingi, lakini moja aliishika kama sala. Kila kitu ambacho dirisha litakificha lazima kiandikwe kwa penseli mgongoni mwa fremu, kwenye kadibodi ya nyuma. Sahihi, doa, mpasuko, muhuri, maandishi, neno kwa neno, hata kama ni kwa lugha usiyoijua.

"Watakuja watu wasokujua," aliniambia. "Hawatafungua. Hapana mtu afunguaye fremu iliyofungwa vizuri. Watasoma mgongo tu. Usipoandika, umekizika."

Nikaelewa. Nikaitikia. Na mwaka wangu wa pili nikaivunja.

Bi Filomena alikuwa Nairobi kumzika dada yake. Msimamizi wa maonyesho wa siku hizo, ambaye ameshaondoka zamani, akashuka karakanani na mchoro wa zamani uliochapwa kwa bamba la shaba. Ni huohuo mnaoujua. Wanaume wawili wamesimama mbele ya lango la mji wa Ulaya. Wa mbele ni Mwingereza, kofia ya manyoya, mkono kiunoni. Wa pili yuko hatua moja nyuma yake: Mwajemi mwenye kilemba kikubwa na ndevu zilizotunzwa, ameshika barua iliyokunjwa yenye muhuri unaoning'inia. Chini yao palikuwa na mistari miwili ya Kilatini, herufi ndogo ndogo.

"Hayo maandishi yanachafua," msimamizi akasema. "Bana dirisha mpaka kwenye picha. Naitaka ukutani leo."

Nikabana. Yale maandishi sikuyaelewa hata neno, na kuyanakili herufi kwa herufi kungenichukua nusu saa nzima. Wabebaji walishasimama mlangoni wakitazama saa zao. Niliona aibu pia kukaa pale nikichora herufi kama mtoto wa chekechea mbele ya wanaume wanne. Nikafunga fremu, mgongo ukiwa mtupu.

Bi Filomena aliporudi, swali lake la kwanza baada ya salamu na pole lilikuwa kuhusu mchoro ule. "Mgongo umeandika?"

"Nimeandika," nikamjibu.

Basi. Neno moja. Nilimdanganya mtu aliyenifundisha kazi, akiwa bado na uchovu wa msiba, naye akaniamini. Akastaafu akiniamini, akafa akiniamini. Huwa nasikia watu wakisema makosa ya ujana yanachekesha ukizeeka. Hili halijanichekesha hata siku moja.

Miaka ikaenda. Kulikuwa na ramani iliyogandishwa kwenye ubao kwa gundi ya mpira na mtu ambaye ningependa sana kukutana naye. Ilinila miezi minne, kipande cha ukubwa wa kucha kwa siku. Kulikuwa na Kurani ndogo iliyoloa maji kwenye ghala la mtu, nikaikausha ukurasa kwa ukurasa, na ile nilifanya nikiwa na udhu. Mchoro wa Uajemi ulikuwa unaning'inia tu kwenye ujia wa ofisi za wakubwa, na mimi nilikuwa nikipita njia nyingine.

Kisha likaja zoezi la kuhamisha kumbukumbu kutoka kwenye kadi kuingia kwenye kompyuta. Aliajiriwa kijana wa muda, akawa anazunguka na orodha, anatazama kila fremu, anaandika anachokiona. Kadi ya mchoro ule ilisema tu, "Ubalozi wa Shah wa Uajemi." Kijana akaugeuza, akakuta mgongo mtupu. Akatazama mbele, akamwona mwenye kofia ya manyoya na mwenye kilemba, akaamua mwenyewe. Akaandika: "Balozi Mwingereza wa Shah wa Uajemi, na mtumishi wake." Hakuna aliyemwambia. Aliona kilemba, akaona hatua moja nyuma, ikamtosha.

Sasa nije kwa Bwana Behruz. Ninyi mnamjua kama yule mzee wa mlango wa mizigo anayewasalimu kwa kuweka mkono kifuani. Kabla ya hapo alikuwa mlinzi wa ukumbi, na kabla ya kuja nchi hii alifundisha historia Isfahani kwa miaka ishirini. Vyeti vyake hapa havikumsaidia kitu. Alipewa redio ya kiunoni na kiti asichoruhusiwa kukikalia. Alikuwa akishuka karakanani kupasha chakula chake kwa sababu jiko la walinzi liliharibika na hakuna aliyejisumbua kulitengeneza. Aliniita "khanum", yaani bibi, na hakuwahi kuniita vinginevyo.

Miaka miwili iliyopita likaandaliwa onyesho la wasafiri wa Ulaya walioshika kazi kwa wafalme wa Mashariki, na mchoro ukatolewa ujiani ukawekwa ukumbini, na kibao chake cha maelezo kikisema "mtumishi" kwa herufi kubwa. Siku ya kwanza Bwana Behruz alishuka bila chakula.

"Khanum," akasema, "tangu lini mtumishi akabeba barua ya mfalme?"

Mimi nilikata dirisha kuizunguka barua ile kwa mkono wangu, na sikuwahi kujiuliza.

Akanieleza kisa. Miaka mia nne na zaidi iliyopita, Mwingereza mmoja mtafuta bahati alifika kwa Shah na wafuasi wake na maneno matamu. Akaahidi kwamba atawaunganisha wafalme wote wa Ulaya na Uajemi dhidi ya Waturuki. Shah hakuwa mjinga. Alimpa barua, lakini akamtuma pia mtu wake mwenyewe, bwana mkubwa wa Kiajemi, na huyo ndiye aliyekuwa balozi. Njia nzima wawili hao waligombana nani atangulie, nani akae kiti cha juu. Zawadi za Shah zilipotea njiani, na Waajemi wakamlaumu Mwingereza kwamba ameziuza. Mwishowe huyo akaenda zake na wala hakurudi Uajemi kutoa habari. Ndugu yake naye akazunguka Ulaya miaka mingi, amevaa kilemba na joho la Shah, akijiita balozi, hadi siku balozi mwingine wa Kiajemi alipofika London, akamchapa kofi na kuichana barua yake.

"Lile kofi," Bwana Behruz akasema, "wanafunzi wangu walikuwa wakinitaka nilirudie kila mwaka."

Nilicheka sana. Hata mimi ningetaka lirudiwe.

Mwezi uliofuata likaja darasa la watoto kutoka Rexdale. Mwongozaji akawaeleza kwamba yule wa nyuma ni mtumishi. Msichana mmoja akauliza mbona mtumishi ndiye aliyeshika barua. Mwongozaji akamjibu kwamba anambebea bwana wake. Hapo Bwana Behruz akashindwa kuvumilia. Akasogea, akawaambia watoto, kwa upole, kwamba huyo wanayemwona ndiye balozi mwenyewe. Mwongozaji akapeleka mashtaka juu. Bwana Behruz akaitwa, akaambiwa amewapa wageni habari zisizo za kweli akiwa kazini, na kwamba aandike barua ya kuomba radhi, la sivyo Alhamisi saa nne atafukuzwa. Ilikuwa imebaki miezi saba astaafu.

"Nitaandika nini?" aliniuliza. "Kwamba nilisema uongo? Nimefundisha hiyo historia miaka ishirini."

Nikamfuata msimamizi wa sasa. Tumwite Daktari, maana hupenda. Nikamkuta anakunywa kahawa.

"Mwajuma, hana ushahidi," akaniambia. "Kumbukumbu zetu zinasema mtumishi, tangu mwanzo."

"Mwanzo upi, Daktari?"

"Tangu kwenye kompyuta."

Nilitoka pale. Yule kijana wa muda aliandika kwa kutazama fremu yangu. Kibao kiliandikwa kwa kutazama kompyuta. Na sasa mtu mzima anafukuzwa kazi kwa kutazama kibao. Mstari wote huo ukiufuata nyuma unafika kwenye mgongo mtupu wa fremu niliyoifunga mimi. Nikawa na hasira na Daktari, na hasira na mwongozaji, na yule kijana ambaye hata jina lake silikumbuki. Lakini nilipofika kwenye kioo cha choo cha wanawake nilijua hasira kubwa ni ya nani.

Mnajua kanuni: fremu haifunguliwi bila karatasi yenye sahihi tatu. Alhamisi saa mbili asubuhi, kabla milango haijafunguliwa kwa wageni, niliushusha mchoro ule bila sahihi hata moja. Nikaulaza mezani kifudifudi, nikang'oa misumari midogo ya nyuma, nikatoa kioo, nikaingiza kisu chini ya dirisha nililolikata miaka ishirini na sita kabla ya siku ile.

Maandishi yalikuwa pale, karatasi yake nyeupe kuliko ya picha yenyewe, kwa kuwa mwanga haukuyagusa miaka yote hiyo. Chini ya miguu ya Mwajemi mstari mrefu wenye herufi kubwa kubwa. Chini ya Mwingereza mstari mfupi, mdogo. Kilatini sikukijua bado, lakini hata asiyejua kusoma angeona pale nani ni nani.

Saa nne ilipotimia nikaubeba juu ya ubao kwa mikono miwili, nikapanda ngazi, nikasukuma mlango wa chumba cha mikutano kwa bega. Walikuwamo Daktari, afisa utumishi mwenye kompyuta yake, na Bwana Behruz amekaa ametia tai, mikono juu ya magoti. Nikauweka mezani.

"Mwajuma, huu ni mkutano wa faragha," akasema afisa utumishi.

"Soma, Daktari," nikasema. "Kilatini ulisomea. Umetuambia mara nyingi."

Daktari akainama. Akasoma kimya, nikamwona anarudia mwanzo. Nikamwambia asome kwa sauti, na sikumwambia kwa adabu.

"Balozi wa Mfalme wa Waajemi," akasema, na akataja jina. Jina hilo siliandiki hapa. Nendeni mkalisome wenyewe ukutani. "Na huyu mwingine... mwandani wake wa safari, Mwingereza."

Bwana Behruz alisimama, akainama juu ya mchoro, akalitamka lile jina upya kwa namna linavyotamkwa kwao, na akaweka mkono kifuani.

"Nani aliyeyafunika haya?" Daktari akauliza.

"Mimi. Na mgongoni sikuandika, na nilipoulizwa nilisema nimeandika. Kama ni barua ya onyo, aliyewaambia watu habari za uongo ni mimi. Huyu mzee mwacheni."

Mnadhani waliomba radhi. Hawakuomba. Bwana Behruz hakufukuzwa, ila alihamishiwa mlango wa mizigo, "kwa ajili ya utulivu wake," kule ambako hakuna watoto wa shule wa kuwaambia ukweli. Alipotimiza muda wa kustaafu aliomba abaki, nadhani kwa ukaidi tu. Mimi barua ya onyo niliipata kweli. Nilipewa onyo la kufungua fremu bila sahihi tatu. La kufunika jina la mtu miaka ishirini na sita halikutajwa.

Na Daktari akaandika makala kwenye jarida la makumbusho, kurasa nne zenye picha yake, juu ya "ugunduzi" wake. Bwana Behruz hakutajwa. Niliisoma nikiwa nimesimama, na nilipomaliza nilikuwa nimemwelewa yule Mwingereza vizuri kuliko kisa chochote kingeweza kunieleza. Niliikunja nikaitia kwenye pipa la zile za viatu.

Kilichobaki kilikuwa dirisha jipya. Kibao kilibadilishwa, lakini Daktari akaagiza fremu ibaki kwa vipimo vya zamani, ili ukuta ulingane. Maandishi yafunikwe tena, akasema, kwani si yameshaandikwa kwenye kibao? Nikakata dirisha pana, kwa mkono, mistari yote miwili ikiwa nje na nafasi ya kupumua. Alishuka akaliona.

"Limezidi," akasema.

"Ndiyo."

"Litaharibu mstari wa ukuta."

"Liharibu."

Akaanza kunieleza habari za macho ya mgeni na mpangilio. Nikamgeuzia kisu, mpini ukiwa upande wake. "Kama unataka yafunikwe, kata wewe," nikamwambia. Akakitazama kisu, akanitazama mimi, akapanda ngazi. Ndivyo ilivyobaki fremu moja kubwa kuliko nyingine, Otieno, na vipimo vyake nilivipima mara nne.

Wiki ile ilipotundikwa, Bwana Behruz alikuja siku yake ya mapumziko, amevaa suti. Alikaa ukumbini karibu saa nzima. Kisha akashuka karakanani, akasimama mlangoni. Nilikuwa nimeshamsimulia habari za Bi Filomena na sheria yake, na uongo wangu.

"Khanum," akaniuliza, "mgongo umeandika?"

"Nimeandika," nikamwambia.

Safari hii ilikuwa kweli. Siku fremu ile itakaposhuka tena karakanani, na atakuja mtu mwenye haraka awaambie maandishi yanachafua, igeuzeni kwanza. Nimeandika kwa penseli, kwa Kiswahili, kwa mwandiko ambao Bi Filomena asingeutia kwenye pipa: "Hapa lilifunikwa jina la balozi kwa miaka ishirini na sita. Aliyelifunika ni mimi, Mwajuma, na nilimdanganya Bi Filomena. Chini ya dirisha hili sasa hakuna kilichofunikwa."